Kusoma kwa Masikio: Maoni ya Fundi wa Baiskeli

Wenye kijitabu hiki mkononi, fuateni maneno kwa kidole, nami nitasema polepole. Asiyeweza kufuata bado, asione haya; asikilize tu, kisha mwenzake amsomee tena baada ya kipindi.

Somo la leo lahusu vitabu vya kusikiliza. Maana yake ni hivi: mtu mmoja husoma kitabu kwa sauti, sauti yake hutiwa katika chombo, na watu wengine huisikiliza popote walipo na wakati wowote wapendao. Zamani chombo hicho kilikuwa santuri, baadaye kikawa kanda, na siku hizi ni simu ya mkononi. Tutazungumza juu ya vitabu vya namna mbili: vitabu vya historia, na zile hadithi kubwa za zamani ambazo watu hawajaacha kuzipenda, ingawa waliozitunga wamekwisha kufa siku nyingi.

Somo hili sikulitunga mezani pangu. Nalipata kwa mwanafunzi mmoja, na nitawaeleza jinsi nilivyolipata.

KITI KITUPU

Nilikwenda kukagua darasa moja katika mji wa pwani, upande wa Tanga. Katika daftari la mahudhurio nikaona jina la mzee mmoja, fundi wa baiskeli. Alikuwa amehudhuria miezi mitano bila kukosa, kisha majuma matatu mfululizo hapakuwa na alama hata moja. Nikauliza, "Je, mzee huyu anaumwa?" Wanafunzi wakacheka. Mama mmoja akanijibu, "Haumwi, Mwalimu. Amepata simu inayomsomea vitabu. Asema sisi twajisumbua bure."

Kesho yake asubuhi nikaenda kwenye banda lake. Nalimkuta amepindua baiskeli juu chini, anagonga ukingo wa gurudumu kwa nyundo, na simu imetundikwa ukutani kwa kamba. Mjukuu wake ndiye aliyemtilia kitabu humo. Sauti ya mtu ilikuwa ikisoma habari za vita vya pwani, pale Abushiri bin Salim alipopigana na Wadachi. Karibu naye alikaa muuza kahawa, ambaye ni mwanafunzi wa darasa lile lile.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kaa kitako, lakini usiseme kwanza. Sura hii yakaribia kwisha."

Nikakaa. Sura ilipokwisha akaizima simu, akafuta mikono yake, akanieleza maoni yake. Yalikuwa matatu. Mawili nalikubaliana naye kabisa. La tatu sikukubaliana naye, na hilo ndilo lililokiacha kiti chake kitupu. Basi tuyatazame moja moja.

NENO LA KWANZA: KITABU KILICHOSIKIWA NI KITABU

Mzee alisema, "Wenzangu wananiambia kwamba kusikiliza ni uvivu. Mbona nayajua yaliyomo kitabuni sawasawa na wao?"

Hapo mzee asema kweli. Hadithi nyingi kubwa za dunia zilisikiwa kwanza, zikasomwa baadaye. Wayunani wa kale walikuwa na hadithi mbili ndefu za vita na safari, Iliad na Odyssey, ambazo husemwa kuwa ni za Homer. Nazo zilighaniwa mbele ya watu. Sisi wa pwani twalijua jambo hilo pasipo kufundishwa. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi juu ya vita hivyo hivyo vya Wadachi, na utenzi hughaniwa. Mtu asiyejua herufi hata moja aweza kuupata kwa masikio na kuutia moyoni.

Sasa sikieni kisa cha mbali kidogo, cha kisiwa cha Cuba. Mwaka 1865, katika mji wa Havana, palikuwa na kiwanda cha sigara nene kilichoitwa El Fígaro. Kazi ya watu wa kiwanda hicho ilikuwa kuviringisha majani ya tumbako kwa mikono, kutwa nzima, wamekaa mezani. Mikono ilikuwa na kazi, lakini masikio yalikaa bure. Wakaafikiana kwamba mwenzao mmoja awasomee, nao wamfidie ujira wake kwa fedha zao wenyewe. Basi desturi ikaenea katika viwanda vingine. Msomaji alikaa mahali palipoinuka ili sauti yake iwafikie wote, akawasomea magazeti, historia na hadithi. Wengi katika wasikilizaji hao hawakujua kusoma.

Mwaka uliofuata, 1866, serikali ya Wahispania, waliotawala Cuba wakati ule, ikapiga marufuku usomaji huo. Ndugu zangu, tafakarini jambo hili. Kama kusikiliza kitabu kungekuwa uvivu tu, serikali ingejisumbua kukukataza? Watawala walijua vema kwamba mtu anayesikiliza anajifunza, na mtu aliyejifunza huanza kuuliza maswali. Hata hivyo desturi hiyo ilirudi, na hata leo viko viwanda vya sigara Cuba vyenye msomaji wao. Hadithi moja iliyopendwa mno na wafanyakazi hao ni ile ya Mfaransa Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, juu ya mtu aliyefungwa bila kosa akatoroka gerezani. Mwaka 1935 aina mpya ya sigara ilipewa jina la hadithi hiyo: Montecristo.

Mwaka huo huo wa 1935, huko Uingereza, vitabu vya kusikiliza vilianza kupelekwa kwa vipofu. Wengi waliofikiriwa kwanza walikuwa askari waliopotewa na macho katika vita vya 1914 hadi 1918. Vitabu hivyo vilitiwa katika santuri kubwa zilizozunguka polepole, upande mmoja wa santuri ukichukua dakika 25 hivi. Hadithi moja iliweza kuhitaji santuri kumi. Miongoni mwa za kwanza ilikuwa Typhoon, hadithi ya Joseph Conrad juu ya meli iliyopatwa na tufani baharini. Nani atamwendea askari yule, aliyeachwa gizani na vita, amwambie kwamba kusikiliza kwake ni uvivu?

Kwa hiyo, wenye kumcheka mzee yule, acheni. Kitabu kilichosikiwa kwa makini ni kitabu.

NENO LA PILI: MSOMAJI MBAYA HUUA KITABU KIZURI

Neno la pili la mzee lilinichekesha. Alisema, "Mjukuu wangu alinitilia kitabu kingine kwanza. Yule msomaji alisoma kama mtu anayehesabu magunia sokoni. Mtu alikufa katika hadithi, yeye akapita tu, kama aliyehesabu gunia la saba akaingia la nane. Nikamwambia mjukuu, kiondoe."

Hapa pia asema kweli. Charles Dickens, mtunzi wa hadithi wa Uingereza, alilifahamu sana jambo hili. Tangu mwaka 1858 hata 1870, mwaka aliokufa, alisimama mbele ya watu waliolipa kiingilio, akawasomea hadithi zake mwenyewe, akibadili sauti kwa kila mtu aliyemo. Watu walicheka na kulia.

Siku hizi wasomaji ni wengi. Kuna watu wanaojitolea, waliojiunga tangu mwaka 1005 na zaidi ya hapo hatuhesabu; la, nimekosea, wacha nirudie: tangu mwaka 2005, katika kazi iitwayo LibriVox. Wao husoma vitabu vya zamani ambavyo haki ya mtungaji imekwisha muda wake, na kila mtu aweza kuwasikiliza bila kulipa. Ni zawadi kubwa. Lakini pengine kitabu kimoja hugawanywa kwa wasomaji wengi. Sura ya kwanza ukapata msomaji hodari, na ya pili ukapata yule wa magunia. Usikidharau kitabu kwa sababu ya sauti moja. Tafuta sauti nyingine.

(Ninyi mlionisikia nikikosea mwaka sasa hivi, na mkakumbuka kuandika ule ulio sahihi, mmeanza vizuri. Tutarudi kwenye jambo hili.)

Kabla hujaanza kusikiliza kitabu, yafaa ujiulize maswali matatu. Nani anasoma, na je, sauti yake yanifaa? Nani aliandika, na wakati gani? Tena, je, kitabu hiki ni kizima au kimefupishwa?

Swali hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Hesabu yake ni rahisi. Msomaji mwenye mwendo wa kadiri husoma maneno 150 hivi kwa dakika moja. Kwa saa moja ni maneno 9,000. Basi kitabu cha maneno 90,000 chataka saa 10. Ukisikiliza nusu saa kila siku, utakimaliza kwa siku 20. Mwingereza Edward Gibbon aliandika historia ya kuanguka kwa dola ya Warumi katika vitabu sita, vilivyotolewa kati ya mwaka 1776 na 1788. Kuisoma yote kwa sauti huchukua zaidi ya saa 100. Mtu akikuletea historia hiyo kwa saa tano tu, ujue kwamba amekupa muhtasari. Muhtasari si dhambi, lakini yakupasa ujue kwamba umepewa kikombe, wala si mtungi.

NENO LA TATU: JE, ANAYESIKIA HANA HAJA YA KUSOMA?

Sasa twafika kwenye ubishi wetu. Mzee alisema, "Basi, mwanangu, ikiwa kusikiliza ni kusoma, nije darasani kufanya nini?"

Sikumjibu kwa maneno. Nikamwuliza, "Mzee, katika kitabu hiki ulichosikiliza, Abushiri alinyongwa mwaka gani?"

Akajibu bila kusita, "Elfu moja mia nane themanini na nane."

Muuza kahawa akatikisa kichwa. "La, mzee. Nadhani ni themanini na tisa."

Wakabishana. Mzee akaitwaa simu ili atuonyeshe. Akairudisha sauti nyuma, ikaenda nyuma mno. Akaipeleka mbele, ikapita. Tukasikia habari za bandari, tukasikia habari za mizinga, lakini mahali penyewe hatukupaona. Robo saa ikapita, na mteja aliyekuja kuchukua baiskeli yake akaanza kunung'unika.

Nami nalikuwa na kitabu cha historia mkobani. Nikakitoa, nikampa muuza kahawa. Akatafuta sura, akaweka kidole, akasoma silabi kwa silabi, jasho likimtoka: Wadachi walitwaa utawala wa pwani Agosti 1888, ndipo vita vikaanza, Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Kisha akamgeuzia mzee kitabu, kidole chake kikiwa bado juu ya tarakimu ile.

Mzee akaitazama. Tarakimu alizijua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile nyundo yangu imelila neno."

Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo tofauti. Sauti haimngojei mtu. Ukigonga nyundo, mtoto akilia, au mawazo yakienda sokoni, neno limekwisha kupita. Lakini ukurasa hukungoja. Waweza kuurudia mara kumi, wala haukuchoki.

Katika hadithi, hasara ya neno moja si kubwa sana. Kisa chaendelea, na pengine utalifahamu mbele. Lakini historia yataka uangalifu zaidi. Nitawapa mfano wa Herodotus, Myunani aliyeandika habari za vita vya Wayunani na Waajemi, zaidi ya miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Anasimulia kwamba katika nchi ya Wahindi wako chungu, yaani wale wadudu sisimizi, wakubwa kuliko mbweha ingawa ni wadogo kuliko mbwa, nao huchimbua mchanga wenye dhahabu. Je, huo ni uongo wake? La. Yeye anaeleza kwamba ndivyo Waajemi wasemavyo. Na mahali pengine anasema kwamba kazi yake ni kuandika yasemwayo na watu, wala halazimiki kuyasadiki yote. Sasa mfikirie mtu anayemsikiliza Herodotus huku akikoroga ugali. Maneno "Waajemi wasema" yampita sikioni. Chungu wa dhahabu wabaki. Kesho atawaambia watoto kwamba historia yathibitisha kuwako chungu wakubwa kama mbweha.

Tena sauti nzuri ina uwezo wa kushawishi. Msomaji mwenye sauti nzito ya upole aweza kukusomea maneno ya upande mmoja wa vita, nawe ukayaona kuwa ndiyo kweli yote. Ofisa wa Kidachi na mshairi wa pwani hawakuviona vita vya 1888 kwa jicho moja. Asiyejua kusoma humwamini yule aliyemsikia. Ajuaye kusoma aweza kufungua kitabu cha pili na kulinganisha.

Haya nilimweleza mzee. Akainama, akaokota spana chini, akaishika tu bila kuitumia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nitakuambia kweli. Si kwamba sitaki kusoma. Vijana pale darasani humaliza mstari, mimi ningali katika neno la pili. Nyumbani kwangu mimi ni baba yao. Mle ndani mimi ni wa mwisho."

FUNDI MWINGINE

Nikamsimulia juu ya fundi mwingine. Katika miaka ya 1860 na 1861 Dickens alitoa hadithi iitwayo Great Expectations. Mimi mwenyewe niliisikiliza safarini ndani ya basi, kwa siku nyingi. Ndani yake mna mhunzi, mtu mwema, jina lake Joe. Mtoto anayelelewa nyumbani kwake aanza kujua kuandika, amwandikia barua. Joe aifurahia sana barua ile, lakini katika maneno yote yaliyomo anatambua herufi mbili tu, J na O, kwa kuwa ni za jina lake. Asema apenda sana kusoma. Kila ashikapo gazeti, hufurahi akiziona herufi zile mbili.

Miaka mingi yapita. Mtoto yule amekuwa mtu mzima, ni mgonjwa kitandani, na Joe amekuja kumwuguza. Siku moja amwona Joe aketi mezani aandike barua. Mwanamke mmoja wa kijijini amemfundisha. Joe achagua kalamu kana kwamba achagua chombo kizito cha kazi, akunja mikono ya shati kana kwamba aenda kufua chuma. Na mgonjwa, kwa kumwona alivyo na fahari juu ya kazi ile, alia machozi ya furaha.

Mzee akaniuliza, "Huyo Joe alikuwa wa miaka mingapi?"

Nikamjibu, "Alikuwa mtu mzima, mzee. Nyundo alikuwa ameishika maisha yake yote."

SAUTI NA UKURASA PAMOJA

Basi ndugu zangu, ushauri wangu si kwamba mtupe simu. Kijiko na kisu vyote vyafaa mezani. Fanyeni hivi:

1. Chagua sura fupi ya kitabu ulichonacho kwa sauti na kwa maandishi pia. Isikilize mara moja bila kutazama kitabu, uipate habari.

2. Isikilize mara ya pili huku ukifuata maneno kwa kidole. Msomaji akienda mbio, isimamishe sauti.

3. Zima sauti. Soma wewe mwenyewe aya moja, kwa nguvu, usikike.

4. Andika kila mwaka na kila jina la mtu au mji. Karatasi ndogo yatosha.

5. Msimulie mtu mwingine. Ukikwama, rudi kwenye ukurasa.

Njia hii si mpya kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa Tanzania walikutana kwa vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Sauti peke yake haikuachwa itembee kwa mguu mmoja.

Mwalimu wa darasa lile la Tanga ameniandikia barua. Mzee amerudi. Huja na simu mfukoni na kitabu kwapani, hukaa karibu na dirisha kwa ajili ya macho yake. Kila jioni darasa lote husikiliza sura moja kwa simu yake, kisha hufungua vitabu. Bado yeye ni wa mwisho kumaliza mstari. Lakini akifika mahali penye mwaka, huinua mkono na kusema, "Ngojeni. Tuuandike huu."

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini wafanyakazi wa Havana walikubali kutoa fedha zao ili wasomewe?

2. Msomaji akitumia saa 10 kusoma kitabu, nawe wasikiliza saa moja kila Jumamosi na kila Jumapili, utakimaliza kwa majuma mangapi?

3. Katika somo hili mwalimu alikosea mwaka mmoja akajisahihisha. Ni mwaka gani ulio sahihi? Kama hukuuandika, umefanya nini ili kuupata?

4. Msimulie jirani yako hadithi au utenzi ulioupata kwa masikio ulipokuwa mtoto. Kisha jaribuni kuandika mistari mitatu ya habari hiyo kwa maneno yenu wenyewe.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hata somo lijalo.